Nywele Kwenye Minyaa

Wateja wa kiti cha dada Apoline walikuwa na kawaida moja. Akishamaliza kuwasuka, walijitazama kwenye kioo, wakageuza shingo huku na huku, lakini hawakuinuka. Walinyoosha mkono, kiganja juu, wakangoja. Dada Apoline aliinama akaokota nywele zao zote, zilizonasa kwenye chanuo na zilizoanguka sakafuni, akazisokota pamoja, akazitia kwenye pakiti tupu ya rasta za kusukia na kuwapa.

"Aksanti, mama," alisema yeye, kama vile ndiye aliyepewa.

Mimi nilidhani ni adabu ya mjini.

Nilikuwa mgeni Kasulu. Kwetu ni Busunzu, upande wa Kibondo, ambako tunasukana uani na nywele zinachukuliwa na upepo. Mama Shamsia, mwenye saluni, alinichukua nifagie, nichote maji na nifue taulo, na nikionekana na mikono mizuri nijifunze kusuka. Jina langu ni Niyitegeka. Siku ya kwanza alijaribu kulitamka, ulimi ukamteleza, akacheka.

"Jina gani hili, mwanangu? Wateja watadhani nimeokota Mrundi. Hapa utaitwa Zena."

"Mimi ni Muha, mama."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia utaitwa Zena."

Sikuielewa hiyo "ndiyo maana," lakini niliinamisha kichwa. Mimi maneno hunitoka kwa shida, na mbele ya watu wengi hayatoki kabisa.

Mama Shamsia alikuwa mtu wa Tanga, mcheshi, kila mtu mtaani alimpenda. "Kwangu hapa kichwa ni kichwa," alikuwa akisema. "Awe Muha, awe Mmanyema, awe Mkongo. Kichwa hakina kabila, kina mba." Saluni nyingine zilikuwa zimemkataa dada Apoline kwa sababu ni Mkongo, mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu. Mama Shamsia alimpokea. Dada Apoline alikuwa na kibali cha kutoka kambini, karatasi aliyoifunga kwenye nailoni na kuiweka kifuani, na kila alipoinama ilisikika ikikwaruza. Watu walikuja kwa ajili ya mikono yake. Ukikaa kwake usingizi unakuja wenyewe, unaamka kichwa kimekwisha, mistari imenyooka kama matuta ya maharage.

Mimi nilichokitaka ni kiti cha pili, kile cha dirishani. Msichana aliyekuwa akikikalia alikuwa ameolewa Mwanza. Dada Apoline alijua nakitaka. Ijumaa mchana, mama Shamsia akienda kuswali, alikaa chini kwenye mkeka akanipa kichwa chake nijifunzie.

"Usivute sana," alisema. "Nywele iko kama mutoto, inasikia."

Nilijifunza. Na siku moja, saluni ikiwa imejaa, Nasma fundi cherehani aliingia akihema, ana haraka ya kwenda harusini. Dada Apoline alikuwa katikati ya kichwa cha dada Zuhra, mke wa Haidari wa duka la vifaa vya ujenzi.

"Kaa kwa Zena," mama Shamsia akamwambia Nasma. "Mjaribu mwanangu."

Nilimsuka twende kilioni, nyembamba. Nilipomaliza, Nasma alijitazama, akasema, "Mh, kumbe anaweza." Nilifurahi hata nikasahau kuona haya. Nikainama, nikaokota nywele zake zote, nikazitia kwenye pakiti, nikampa kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa kumpa mtu mkubwa kitu.

Nasma aliitazama pakiti kama panya aliyekufa.

"Nini hii?"

"Nywele zako, dada."

"Nizipeleke wapi?"

Halafu Nasma akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Jamani Shamsia, mwanao ataniua! Kwani mimi nimekaa kiti cha Mkongo?"

Wote wakacheka. Dada Zuhra, akiwa bado ameinamisha kichwa chini ya mikono ya dada Apoline, aliniambia kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kunawa: "Zena, hayo ni ya kiti hiki. Za kwako tupa tu, mdogo wangu. Wewe si mtu wetu?"

Nilimtazama dada Apoline kwenye kioo. Mikono yake ilikuwa imesimama. Basi, hiyo tu. Ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Alipomaliza, dada Zuhra alinyoosha kiganja, na usoni bado alikuwa na lile tabasamu lililobaki kutoka kwenye kicheko.

"Aksanti, mama," alisema dada Apoline.

Jioni tulipokuwa tunaosha machanuo nilimwuliza.

"Dada, ulikuwa unajua?"

"Kujua nini?"

"Kwamba ni kwako tu."

Alikung'uta maji mikononi. "Mwana, mi nafanya kazi na kioo mbele yangu siku yote. Nikose kuona?"

"Wanaogopa nini?"

"Batu ba hapa banasema Mkongo akibaki na nywele yako, analala nayo chini ya mto, weye unaamka uko wake." Akacheka. "Mi sina hata mto. Kule kambini nalalia sweta."

Tangu siku hiyo nilikuwa kama mtu aliyeonyeshwa mchwa ukutani. Ukishamwona mmoja, unaiona njia yao yote mpaka darini. Mtu akiingia saluni aliwapa wote mkono, akifika kwa dada Apoline alimpungia. Wakigawana chapati, yeye aliwekewa yake pembeni juu ya gazeti, "ili usichafue mikono, dada." Kwenye kusimulia walisema "watu walikuwa watatu na Mkongo mmoja." Hakuna aliyemtukana. Wengine walimletea hata nguo za watoto. Ndiyo maana nilikuwa nimekaa miezi yote ile bila kuona.

Nyuma ya saluni kuna njia ya kwenda bombani, na kando yake uzio wa minyaa unaotenga kiwanja kisichojengwa. Nilipita hapo kila siku na ndoo. Kiangazi kilikuwa kimekaza na vumbi jekundu lilikuwa limefunika kila kitu. Siku moja niliona pakiti ya rasta imenasa kwenye minyaa. Nikadhani ni upepo. Baadaye nikaona nyingine, na nyingine, na zilikuwa zimechomekwa kwenye matawi, hazikurushwa na upepo.

Zile pakiti zina picha ya mwanamke anayecheka, meno yote nje, na chini ya picha kuna sehemu inayoonyesha ndani. Ndani hakukuwa na rasta. Kulikuwa na nywele za watu.

Sikumwambia mtu. Nilipita nikitazama chini. Lakini pakiti ziliendelea kuongezeka, mpaka ule uzio ukawa na nyuso kama dirisha la gari lililojaa abiria. Baadhi zilipasuka kwa jua, nywele zikachomoza na kujisokota kwenye vijiti vya minyaa, ukitazama kwa mbali unaona kama uzio umeanza kuota nywele. Mchana, upepo ukija kutoka upande wa Heru Juu, zote ziligeuka kwa pamoja zikatazama njia. Na zilitoa sauti. Ilikuwa sauti ya nailoni tu, najua, lakini ilifanana sana na wanawake wanaonong'ona wakati mtu fulani anapita.

Halafu nikamwona dada Zuhra. Ilikuwa adhuhuri, natoka bombani. Alitoka saluni na pakiti yake, akazunguka nyuma, akatazama kulia na kushoto, hakuniona kwa sababu nilikuwa nimeshusha ndoo nyuma ya kichaka. Aliichomeka pakiti kwenye minyaa. Akatema mate pembeni, akachukua udongo akajipangusia mkono, akaenda zake akiwa ameshika upindo wa kitenge kama mtu aliyekwepa tope.

Ndipo nilipoelewa. Waliogopa kumwachia dada Apoline nywele zao, na waliogopa vilevile kuingiza majumbani mwao kitu alichokishika yeye. Kuzichoma waliogopa, watu husema ukichoma nywele za mtu anarukwa na akili. Kwa hiyo kila mmoja alikuja hapa peke yake, kwa siri, akakuta nyingine, akaona yake itapotea katikati yao.

Nilimweleza dada Apoline. Hakucheka.

"Zena, hii ni mubaya," alisema. "Siku moja batu bataangalia ule uzio, batauliza ni nani aliweka."

Kile alichokisema kilianza na paji la uso la dada Zuhra. Yeye alipenda kusukwa kwa kukaza. "Kaza, Mkongo, kaza, sitaki kurudi kesho," alikuwa akisema, hata dada Apoline akimwonya. Nywele zikaanza kumtoka pembeni, kwanza kidogo, kisha pakabaki peupe kabisa, panang'aa. Jumamosi moja asubuhi aliingia saluni bila salamu, Nasma na wanawake wengine wakimfuata. Alivua kilemba mbele yetu.

"Tazameni," alisema. "Na si hilo tu. Tangu juzi nikipita nyuma huko nasikia naitwa. Naitwa kwa jina langu. Nikageuka nikaona. Nywele zetu zote ziko pale! Huyu Mkongo ametufunga kwenye uzio!"

Hakuwa anadanganya kuhusu kuitwa. Niliyaona macho yake. Alikuwa anaogopa kweli, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Tulisukumana wote mpaka nyuma. Hapakuwa na upepo. Pakiti zilikuwa zimetulia, wanawake wa picha wanatuchekea. Mtu mmoja alisema, "Allah!" Mwingine akasema lile neno ambalo likishatajwa halirudi: mchawi. Huko kwetu ninaijua nyumba ya mama mmoja aliyeitwa hivyo. Siku hizi ni mahali panapoota magugu tu, na watoto hawachezi hapo.

"Mwiteni mgambo," dada Zuhra alisema. "Au nimwite Haidari aje na vijana wake wa dukani."

Dada Apoline alikuwa amesimama na chanuo mkononi. Mkono wa pili aliuweka kifuani, pale penye karatasi. Nadhani alijua kwamba akisema chochote, kitakuwa neno la Mkongo.

Mama Shamsia alinigeukia. Sauti yake ilikuwa laini.

"Zena, wewe ndiye unapita hapa na ndoo kila siku. Umemwona Apoline huku? Sema tu ndiyo, mwanangu, yaishe. Atarudi kambini, nasi tutaendelea na kazi zetu."

Wote wakanitazama. Nilitaka kuzungumza Kiswahili. Lakini mimi nikiogopa, Kiswahili ndicho kinachokimbia kwanza. Kilichotoka kilikuwa cha nyumbani.

"Ni wewe," nilimwambia dada Zuhra. "Narakubonye."

Ni wewe, nilikuona. Wengi pale ni Waha wa Heru, walielewa vizuri kabisa. Lakini hawakuchukua maana. Walichukua mlio.

"Haa!" Nasma akapiga makofi. "Mmesikia? Hicho ni Kiha hicho?"

"Ni Kiha cha Kibondo," nilisema.

"Kibondo! Kibondo na Burundi si ua na jikoni? Shamsia, huyu mtoto jina lake nani hasa?"

Mama Shamsia alitazama chini. Nikajibu mwenyewe: "Niyitegeka."

"Si nilijua! Zena, Zena, kumbe Mrundi! Umetuwekea Mrundi na Mkongo, Shamsia, halafu unatuambia kichwa hakina kabila!" Alikuwa bado anacheka nusu. Kisha kicheko kikakatika. Nilimwona akikumbuka. "Siku ile... siku ile alinipa nywele zangu mkononi. Mnakumbuka? Nikazikataa." Alinisogelea. Sauti ilikuwa imeshuka, haikuwa tena ya mzaha. "Zena. Nywele zangu ulizitupa wapi?"

"Kwenye ndoo ya taka, dada. Kama mlivyoniambia."

"Ndoo gani? Ziko wapi sasa?"

Aliyekuwa mbele yangu ni Nasma yuleyule, aliyewahi kunipa kipande cha kitenge nishone blauzi. Mimi nilikuwa yuleyule. Hakuna kilichobadilika kati yetu ila neno moja, na macho yake yalikuwa yananiuliza kama nimeshalalia nywele zake. Nilihisi baridi mgongoni, jua linawaka.

Labda ni baridi hiyo iliyonirudishia Kiswahili.

"Dada Zuhra," nilisema, "ulikuja adhuhuri. Ukachomeka ile pale, ukatema mate, ukajipangusa kwa udongo. Dada Apoline hajawahi kufika hapa. Mwiteni mgambo. Akija, kila mmoja amwonyeshe pakiti yake, aseme ilifikaje."

Upepo ukaja wakati huo, si mkubwa, na pakiti zote zikageuka. Na niliona kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nywele zinanisimama: kila mwanamke alitupa jicho mahali pake kwenye uzio, akaliondoa haraka. Hawakutazamana. Kila mmoja alikuwa amedhani ni yeye peke yake.

Mwanamke wa nyuma kabisa alisema ameacha maharage jikoni. Mwingine akasema anamfuata. Dada Zuhra alifunga kilemba chake taratibu, vidole vikikosea fundo, akaondoka bila kutugeukia. Mgambo hakuitwa. Haidari hakuja.

Kesho yake asubuhi tulikuja mapema, mimi na dada Apoline, tukiwa na kiroba. Tulitaka kuziondoa zote tukazizike. Uzio ulikuwa mtupu. Walikuja alfajiri, mmoja mmoja, kila mtu akachukua yake. Matawi yalikuwa yamevunjika kila mahali na yanadondosha utomvu mweupe, na chini kulikuwa na nyayo nyingi za ndala zilizokanyagana.

Pakiti moja tu ilikuwa imebaki, juu, ndani kabisa ya minyaa, kana kwamba aliyeiweka alitumia fimbo. Dada Apoline aliivuta kwa mti, akaifungua.

Zilikuwa nywele ndefu laini, nyeupe kwenye mashina, nyekundu kwa hina kwenye ncha.

Kasulu nzima, ukiacha watu wa nyumbani kwake, ni sisi wawili tu tuliozijua nywele hizo, kwa sababu mwenyewe hatoki bila ushungi. Alisukwa mlango ukiwa umefungwa na pazia limeshushwa. Na hakuwahi kunyoosha kiganja. Alisema tu, "Acheni, nitafagia mwenyewe," nasi tuliona ni upole.

Mama Shamsia alifika na funguo. Alituona, akaona kilichokuwa mkononi. Dada Apoline alimpa kwa mikono miwili.

"Mama, bintu byako."

"Si zangu."

"Njo vile, mama? Si zako?"

"Si zangu, Apoline. Usinitie maneno asubuhi yote hii." Mkono wake ulikuwa umekamata ushungi chini ya kidevu. Akanigeukia mimi, akajaribu kutabasamu. "Zena, kiti cha dirishani ni chako kuanzia leo. Zitupeni hizo, tufungue. Leo kuna harusi mbili."

Kiti cha dirishani. Nilikuwa nimekifuta vumbi kila asubuhi kwa muda wote ule bila kukikalia.

Dada Apoline aliiweka pakiti kwenye kizingiti, polepole, kama anaweka yai. Akaingia ndani, akatoka na chanuo lake na sweta.

"Mi naenda, mama," alisema. "Ulinipa kazi, sitasahau. Lakini leo nywele imemutoka Zuhra. Kesho ikikutoka weye, utasahau ni nani alikuwa anakuambia usikaze. Na mi sitakuwa na fasi ya kukimbilia. Leo karatasi yangu iko muzima, niende nayo muzima."

Mama Shamsia hakumzuia. Alikuwa anaitazama pakiti kwenye kizingiti. Ilikuwa njiani mwake, na ili aingie saluni kwake ilimlazimu airuke au aiokote.

Nilichukua kanga yangu kwenye msumari.

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Namsindikiza, mama."

"Utarudi?"

"Sijui. Nikirudi utaniita nani?"

Tulipokunja kona niligeuka mara moja. Alikuwa bado amesimama nje ya mlango wake mwenyewe.

Tulipita barabara ya sokoni kwenda kutafuta gari la Makere, la kuelekea kambini. Watu walikuwa wanapanga bidhaa. Sikujua habari ilikuwa imetembea kiasi gani. Hakuna aliyetusema vibaya. "Habari za asubuhi," walitusalimu. "Karibuni nyanya." Lakini tulipofika mbele ya muuza nyanya, mkono wake ulipanda kichwani. Aliyefuata, wa dagaa, akavuta kanga mpaka usoni. Kisha mwingine, na mwingine, mbele yetu na pande zote, mikono ilipanda vichwani bila sauti, kama shamba la mahindi upepo unapolipitia, na nyuma yetu ilishuka. Nasma alikuwa kwenye cherehani yake barazani. Mguu ukaacha kukanyaga. Kwa viganja vyote viwili akakiziba kichwa nilichowahi kumsuka, na macho yake yakatufuata mpaka tulipopita.

Mwisho wa vibanda alikuwa amekaa mzee mmoja muuza tumbaku, ana upara kutoka paji mpaka kisogoni. Naye alipotuona, taratibu, akaweka mkono juu ya upara.

Dada Apoline alinishika kiwiko.

"Na ule," akaninong'oneza, "anaogopa tumuchukulie nini?"

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, mimi, katikati ya soko, na yeye akacheka, karatasi ikikwaruza kifuani, na barabara nzima ilikuwa kimya, mikono vichwani, inatusikiliza.